Saa kumi na tisa sandukuni: kwa nini jicho la mkusanyaji hubadilika

SWALI: Jambo fundi. Niko Lubumbashi, komini ya Kampemba, nina miaka 43. Nilianza kukusanya saa za mkono miaka tisa iliyopita na sasa ninazo 19: kronografu tano kubwa za rangi ya dhahabu (milimita 46, za betri), Seiko na Orient za otomatiki sita, Vostok mbili, moja ya bronzi, Omega mbili za zamani nilizoachiwa na baba mkubwa, Casio F-91W ya kazini, na mbili nyingine ambazo hata sikumbuki nilizinunulia nini. Zile nilizozipenda sana mwanzoni siku hizi sitaki hata kuzitazama. Bibi yangu anasema nina saa 19 na bado ninachelewa kanisani. Je, ni kawaida jicho kubadilika hivi? Niuze zote ninunue moja ya bei kali? Na nitajuaje kwamba hiyo moja nayo sitaichoka?

JIBU: Ndugu yangu, usiuze hata moja kabla ya siku 90 kupita. Sababu utaiona mbele. Kwanza tuondoe wasiwasi: jicho kubadilika ni kawaida kabisa, na kwa wakusanyaji wengi linapita njia zinazofanana. Huanza na ukubwa na mng'ao, likahamia kwenye mashine, likaingia kwenye historia, kisha likatafuta saa nyepesi ambayo mkono unaisahau. Sanduku lako limejazwa na watu wanne wenye jina moja, ndiyo maana hawaelewani.

Tuanze na zile kronografu tano, saa zenye vitufe vya kupimia muda. Namba 46 uliyoandika ni upana wa bodi tu. Kipimo kinachoamua kama saa itakaa ni urefu kutoka ncha ya pembe ya juu, pale mkanda unaposhikwa, hadi ncha ya pembe ya chini. Chukua rula, pima sehemu bapa ya mkono wako pale saa inapolala, bila kuhesabu mviringo wa pembeni. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 17 huwa na sehemu bapa ya milimita 50 hadi 55 hivi. Saa ya milimita 46 mara nyingi ina 54 au zaidi kutoka pembe hadi pembe. Ncha zake zinatokeza nje ya mkono, mkanda unashuka wima, na saa inazunguka kila unapotembea. Mwaka wa kwanza furaha inafunika usumbufu huo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwaka wa tatu unaanza kuivua ukiandika, halafu ukiendesha gari, halafu huivai tena, na unadhani umechukia rangi yake.

Rangi nayo ina hadithi yake. Saa nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilizopakwa dhahabu ziliandikwa nyuma mikroni 10 au 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na zilivumilia miaka. Safu ya dhahabu kwenye saa za bei ndogo za leo mara nyingi haifiki hata mikroni moja. Jasho na vumbi la kiangazi huila kuanzia chini ya pembe na upande unaogusa shati, na ikishaanza kutoka hakuna fundi atakayeirudisha kwa bei inayolingana na thamani ya saa. Ongeza umri: baada ya miaka 40 jicho hupoteza nguvu ya kuona vitu vya karibu, na vile visaa vitatu vidogo ndani ya uso mkubwa vinakuwa mapambo. Jiulize ni lini mara ya mwisho ulibonyeza kitufe cha kronografu kupima kitu cha kweli. Wengi hawakumbuki.

Tena usijilaumu peke yako, maana mitindo yenyewe imehama. Saa ya kawaida ya mwanaume katika miaka ya 1950 ilikuwa milimita 33 hadi 36. Miaka ya 2000 viwanda vilikimbilia 44 na kupanda. Sasa vimerudi kwenye 36 hadi 40. Sehemu ya kile unachokiita ladha yako ni madirisha ya maduka na simu yako. Kutenganisha hayo mawili ni kazi, na daftari la siku 90, nitakalolieleza mbele, ndilo litakalokusaidia.

Sasa zile sita za otomatiki, zinazojitia nguvu kwa mwendo wa mkono. Hapa ndipo mkusanyaji anajifunza kusikiliza, na hapa ndipo anapoangukia mtego mkubwa kuliko wote: kununua saa moja mara sita. Zigeuze zote, soma namba ya mashine nyuma au kwenye karatasi zake. Ukikuta tatu zina 7S26, unayo saa moja yenye nyuso tatu. Mashine hiyo ya Seiko inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde, inahifadhi nguvu kwa takriban saa 41, na kiwanda chenyewe kinaruhusu ipoteze sekunde 20 au izidishe 40 kwa siku. Huwezi kuitia ufunguo kwa mkono, na mshale wa sekunde hausimami ukitaka kuilinganisha. Ndugu yake NH35 inafanya yote mawili. Kati ya zinazofanana, baki na ile ambayo urefu wa pembe zake unalingana na mkono wako. Uso mzuri kwenye mkono usioutosha utakuchosha tu, kama zile za dhahabu.

Na kuhusu kanisani, bibi yako ana haki, tena hesabu iko upande wake. Saa yenye akiba ya saa 41, ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni ikiwa imejaa, itasimama Jumapili saa tano asubuhi, katikati ya mahubiri. Nayo haikuwa imejaa, kwa sababu mtu anayekaa ofisini siku nzima hazungushi vya kutosha rota, kile kipande cha ndani kinachoijaza saa nguvu. Unaiokota asubuhi imeshasimama, unairekebisha kwa kukisia, unatoka. Ukiirekebisha, angalia jambo moja: usibadilishe tarehe kwa njia ya haraka wakati mshale mfupi uko kati ya namba 9 ya usiku na namba 4 ya alfajiri usoni, yaani saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Wakati huo gurudumu la tarehe limeshashikana na meno ya mashine, na ukilazimisha, jino la plastiki au la shaba linavunjika. Peleka kwanza mishale hadi 6, halafu badilisha tarehe.

Kuna kisa kingine kinachowafanya watu wa huku wachukie saa za mashine bila hatia. Saa inaanza kukimbia ghafla, dakika tano, kumi, hata zaidi kwa siku, na mwenyewe anasema «imezeeka». Mara nyingi imeshikwa na sumaku. Springi nyembamba ya gurudumu la mapigo, nyembamba kama unywele, mizunguko yake inanatana, inakuwa fupi, na mapigo yanaharakika. Spika, kifuniko cha simu chenye sumaku, mkoba wenye kifungo cha sumaku, vyote vinatosha. Mtu wa viwanda vya madini yuko hatarini zaidi, kwa kuwa juu ya mikanda inayobeba mawe huwekwa sumaku kubwa za kunasa vipande vya chuma. Jaribio ni rahisi: sogeza saa karibu na dira ndogo ya sindano, sindano ikicheza kwa kasi kufuata mapigo, jibu umelipata. Kifaa cha kuondoa sumaku ni kile kiboksi kidogo cha bluu ambacho karibu kila fundi anacho, na kazi haifiki dakika moja. Bonyeza, pitisha saa juu yake, iondoe polepole hadi urefu wa mkono mmoja, ndipo uachie kitufe. Ukiachia ikiwa bado karibu, unaiacha na sumaku ileile, pengine zaidi.

Kama si sumaku, ni mafuta. Muulize fundi wako anatumia mafuta gani. Saa ya mkono inahitaji angalau aina tatu: jepesi kwa magurudumu yaendayo haraka, zito kwa yale ya polepole, na la mnato kwa kamani, springi kuu inayotunza nguvu, ndani ya ngoma yake. Fundi akikuonyesha chupa moja ya mafuta ya cherehani, chukua saa yako, mshukuru, ondoka. Mafuta hayo yanatambaa, yanafika kwenye springi ya unywele, na baada ya miezi mizunguko inanatana vilevile kama kwa sumaku. Saa ya otomatiki ihudumiwe kila miaka mitano hadi saba. Kwa Seiko ya bei ndogo, wakati mwingine ni nafuu kubadilisha mashine nzima kuliko kulipa huduma kamili, na hakuna aibu katika hilo.

Vostok mbili: baki na moja. Kama ni Amphibia, ile saa ya Kirusi ya wapiga mbizi iliyotoka 1967 na kuvumilia mita 200, kifundo chake, kile cha pembeni cha kutilia ufunguo, kinayumbayumba ukikifungua; kilitengenezwa hivyo makusudi, usimruhusu mtu «akikaze».

Bronzi nayo ni kichekesho kidogo: mtu wa mji wa shaba ananunua shaba iliyozunguka hadi Uswisi au China ikarudi. Bronzi ya saa mara nyingi ni karibu asilimia 92 shaba, iliyobaki bati. Itakuwa kahawia, halafu kijani kwenye kona kwa sababu ya jasho. Wengine hiyo ndiyo wanaipenda, wengine wanaichoka ndani ya masika mawili. Hakikisha kifuniko cha nyuma ni cha chuma cha pua au titani, la sivyo mkono wako utakuwa kijani pamoja nayo. Ukitaka kuisafisha, maji ya limau na chumvi kidogo kwa kitambaa, dakika mbili, suuza, kausha, usiitumbukize nzima.

Sasa Omega za baba mkubwa. Hizi usiziweke kwenye mzani wa kuuza kabisa, hata kama leo hazikuvutii. Jicho linalopenda saa za zamani hufika likiwa limechelewa, na wakati huo ndipo wakusanyaji wanapojuta. Lakini kuna mambo matatu ya kufanya na mambo mawili ya kukataa.

Angalia chini ya uso, karibu na namba 6. Ukiona herufi T kila upande wa neno SWISS, rangi ya kung'aa usiku ni ya tritiamu, kemikali yenye mionzi hafifu ambayo nusu yake hupotea kila miaka 12.3, leo imekufa na si ya kutisha ikiwa imefungiwa ndani. Kama hakuna T, na saa ikiwa ni ya kabla ya miaka ya 1960 na alama zake zimekuwa kahawia ya kuungua, huenda ni radiamu, metali yenye mionzi. Radiamu inapungua kwa nusu baada ya miaka 1,600. Haing'ai tena kwa sababu kemikali iliyochanganywa nayo imeungua. Radiamu yenyewe iko palepale. Saa hiyo usiifungue nyumbani, usikwaruze uso, usilale nayo kando ya mto wa kulalia, na iweke mahali penye hewa. Fundi anayeifungua ajue mapema, asipulize vumbi, na asile mezani hapo. Watu wa Katanga tuna sehemu katika habari hiyo: katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa duniani ilisafishwa Olen, Ubelgiji, kutoka mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi.

La pili, zitie ufunguo polepole mara moja kwa mwezi, mizunguko kumi tu, usikie kama zinaanza zenyewe. Isipoanza, usiitikise, mafuta yamekauka na kila pigo linakula chuma. La tatu, ziondoe kabisa kwenye maji, hata mvua ya Januari. Mipira yake ya kuzuia maji ilikauka kabla hujazaliwa. Na kiangazi, futa kifundo kwa brashi kavu kabla ya kutia ufunguo, maana vumbi letu jekundu huingia pale na kusaga bomba la kifundo kama msasa.

Mambo ya kukataa: usikubali bodi ing'arishwe, wala uso upakwe upya. Kung'arisha kunakula kingo za pembe, na kingo hizo hazirudi. Uso uliopakwa upya unashusha thamani kuliko uso wenye madoa. Fundi akibadilisha mshale, kifundo au kioo, dai kile cha zamani, kitie kwenye bahasha pamoja na saa.

Daftari sasa. Chukua daftari la kawaida la shule. Kila asubuhi andika saa uliyovaa. Kila jioni andika uliivua saa ngapi na kwa nini: nzito, imesimama, sikuona namba, niliogopa kupita nayo usiku mjini, mkanda umeuma, mtu aliisifu. Sababu ndiyo mali. Idadi peke yake itakudanganya, kwa kuwa saa iliyo juu ya sanduku huvaliwa zaidi. Kila Jumapili changanya nafasi zao. Wakati wote wa siku 90 usinunue kitu, hata mkanda. Hapa watu wengi wanaanguka wiki ya tano, na ni wiki ya tano ndiyo inayoonyesha kama ulikuwa unapenda saa au unapenda kununua.

Mwisho wa miezi mitatu, saa iliyovaliwa mara tatu au pungufu inaondoka, isipokuwa Omega. Iliyovaliwa mara nyingi lakini kila mara imevuliwa kwa sababu ya mkanda au mnyororo, badilisha mkanda kwanza. Ngozi laini au nailoni imeokoa saa nyingi zilizohukumiwa kuuzwa. Iliyovuliwa kwa sababu ya ukubwa haina dawa.

Kwa kuuza nitakuwa mkweli: kronografu tano za rangi ya dhahabu hazitakurudishia pesa zako. Ziuze pamoja kwa bei ndogo, au wape vijana wa familia, watazifurahia kama ulivyozifurahia wewe. Zote zisizovaliwa toa betri leo, kabla ya kuzirudisha sandukuni. Betri iliyokufa ikiachwa ndani inavuja na kuozesha nyaya za mashine, na hilo ndilo linaloua saa nyingi kabla hazijauzwa. Ukirudisha, weka betri ya oksidi ya fedha, kwa mfano 377 mahali pa 377, wala si AG4 ya kadi ya sokoni ingawa inaingia. AG4 ni ya alkali, nguvu yake hushuka taratibu na inavuja mapema. Seiko zinauzika. Piga picha mchana bila jua kali, onyesha kila mkwaruzo, pima mwendo wake kwa siku mbili mfululizo na uandike tofauti ya sekunde.

Kuhusu moja ya bei kali: inawezekana, ila isubiri. Saa ya dola elfu kadhaa ina gharama ya pili ambayo muuzaji haitaji. Ikitaka huduma ya kiwanda, mara nyingi italazimika kuvuka mpaka, na utalipa usafiri, bima, forodha, na utakaa miezi bila saa. Kronografu ya mashine huduma yake ni ghali zaidi kuliko ya mishale mitatu, kwa kuwa ina vipande vingi zaidi. Kabla ya kulipa, fanya majaribio mawili. Funika jina kwenye picha kwa kidole gumba: bado unaitaka? Halafu andika kazi ambayo saa hiyo itafanya na nyingine haifanyi. Wafanyabiashara wa Lubumbashi, kwa mfano, hupenda saa ya kanda mbili za wakati kwa sababu Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa tofauti hiyo, pete ya kuzunguka yenye namba 12 inatosha: izungushe mpaka 12 ya pete ikae juu ya 1 ya uso, na wakati wa Kinshasa utausoma kwenye pete bila kulipa mashine ya ziada.

Jaribio la bandia usilifanye kwa sekunde peke yake. Watu husema Rolex inayodundadunda sekunde kwa sekunde ni ya uongo. Kwa kawaida ni kweli, lakini kiwanda hicho kiliwahi kutengeneza saa za kwatsi, yaani za betri. Fundi aifungue mbele yako, usome mashine.

Swali lako la mwisho, kama utaichoka hiyo nayo: jicho litahama tena, hilo lihesabu. Wengi waliofika kwenye saa chache huanza kutaka rangi, nyuso za mawe, malakiti ile ile inayouzwa hapa mjini ikiwa imechongwa tembo na visanduku. Ukifika huko, kumbuka malakiti ni laini, ugumu wake ni 3.5 hadi 4 tu, na asidi inaila, kwa hiyo uso huo unataka bodi inayofungwa vizuri na fundi mwenye mkono mtulivu. Nunua kitu kinachouzika tena, weka kiasi cha huduma yake pembeni siku ileile ya kununua, na usijaze nafasi zote za sanduku.

Kesho asubuhi anza na Casio. Ilinganishe na simu yako, iandike mstari wa kwanza wa daftari, na uitumie kupimia nyingine zote. Ina kosa la sekunde 30 tu kwa mwezi, na betri yake, CR2016, imekusudiwa kudumu miaka saba. Kama hujaibadilisha tangu uinunue, iko njiani kuisha.